Kufika upesi kwenye mipangilio ya ufikivu ya kompyuta

Mipangilio ya ufikivu ndiyo inayokuza maandishi, inayosoma skrini kwa sauti, inayobadili rangi, na inayoifanya kibodi imvumilie mtu anayetumia mkono mmoja au ambaye vidole vyake vinatetemeka. Tatizo ni mahali ilipowekwa: ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, kwa herufi ndogo. Asiyeona vizuri anatakiwa asome herufi ndogo ili apate kitu cha kuzikuza. Asiyeweza kushika kipanya anatakiwa abofye mara nne ndipo aifikie kibodi inayomfaa.

Kila mfumo una njia ya kuukwepa mzunguko huo, nayo ni vitufe. Vitufe vingi vimebaki vilevile kwa miaka mingi, huku menyu zikipangwa upya na kubadilishwa majina. Ndiyo maana tunashauri ukariri vitufe kuliko kukariri njia ya menyu. Panapobidi kutaja menyu tumeiacha kwa jina lake la Kiingereza, maana ndivyo inavyoonekana kwenye kompyuta nyingi.

Windows: anza na U

Ukikumbuka kitu kimoja tu katika mwongozo huu, kiwe hiki: kitufe cha Windows pamoja na U. Kitufe cha Windows ni kile chenye nembo ya dirisha, safu ya chini upande wa kushoto, jirani na Alt. Kishikilie, gusa U mara moja, achia vyote. Ukurasa wa ufikivu unafunguka wenyewe, bila kupita popote. Windows 7 itafungua kituo chake cha zamani, Windows 10 itafungua ukurasa uitwao "Ease of Access", na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, itafungua "Accessibility". Jina limebadilika, U haikubadilika.

Ukurasa ukishafunguka na huna kipanya, Tab inakuhamisha kutoka sehemu moja kwenda nyingine, vitufe vya mishale vinashuka na kupanda ndani ya orodha, Enter inafungua kipengele, na kitufe cha nafasi kinawasha au kuzima swichi. Alt na F4 inafunga dirisha. Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu fremu inayoonyesha ulipo ni nyembamba, wanadhani Tab haifanyi kazi. Gusa mshale wa chini mara moja na uangalie ni kipi kimesogea; hapo ndipo ulipo.

Lakini mara nyingi huhitaji hata ukurasa huo. Unahitaji kitu kimoja kiwake sasa hivi, na kila kimoja kina vitufe vyake:

- Kisoma skrini, yaani Narrator: Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Vitufe hivyohivyo vinakizima. Kikiwa kinasema sana, gusa Ctrl peke yake kinyamaze bila kuzimika.
- Kikuzaji: Windows na alama ya kujumlisha. Kukifunga ni Windows na Esc.
- Kibodi ya skrini: Windows, Ctrl na O (herufi, si sifuri).
- Rangi zinazoachana sana, kama maandishi meupe juu ya weusi: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen. Lazima ziwe za kushoto zote mbili. Za kulia hazifungui kitu.
- Kuendesha kishale kwa kibodi: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock.
- Vichujio vya rangi kwa wasiotofautisha baadhi ya rangi: Windows, Ctrl na C. Hivi havifanyi kazi mpaka uingie mara moja kwenye "Color filters" uwashe ruhusa ya kutumia vitufe.
- Manukuu ya sauti inayotoka kwenye kompyuta, kwa Windows 11 toleo la 22H2 na yaliyofuata: Windows, Ctrl na L. Mara ya kwanza itaomba kupakua faili za lugha, kwa hiyo usingoje siku ya mkutano ndipo uijaribu.

Kikuzaji kinastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndicho kinachotumiwa zaidi na ndicho kinachowachanganya watu zaidi. Alama ya kujumlisha kwenye safu ya juu huwa imeshirikiana kitufe na alama ya kulinganisha (=). Huhitaji kushika Shift ili kuipata. Gusa kitufe chenyewe ukiwa umeshikilia Windows. Ile iliyo kwenye vitufe vya namba upande wa kulia nayo inakubalika. Kikiwaka, skrini inakua hadi asilimia 200, na kila mguso unaongeza asilimia 100 nyingine, mwisho ni 1600. Kuruka kwa mia mia ni kukubwa mno kwa mtu anayehitaji msaada kidogo tu. Bonyeza Windows, Ctrl na M ufungue mipangilio ya kikuzaji, kisha punguza hatua iwe 25 au 50. Kwa mwenye kipanya kuna njia laini zaidi: kikuzaji kikiwa kinafanya kazi, shikilia Ctrl na Alt uzungushe gurudumu la kipanya.

Ukishakuza, skrini nzima haionekani tena kwa pamoja. Unaona kipande, na kipande hicho kinafuata kishale. Ukipotea, bonyeza Ctrl, Alt na kitufe cha nafasi. Utaonyeshwa kwa muda mfupi skrini yote na mahali kipande chako kilipo. Ikiwa kusogea huko kunakutia kizunguzungu, Ctrl, Alt na D inahamishia ukuzaji kwenye ukanda mmoja wa skrini na kuacha sehemu nyingine ilivyo. Ctrl, Alt na L inafanya lenzi inayotembea na kishale. Ctrl, Alt na F inarudisha ukuzaji wa skrini nzima. Kwa kazi ya kusoma waraka mrefu, ukanda ndio unaochosha macho kidogo zaidi.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama shida ni kompyuta nzima au ni ukurasa mmoja wa intaneti. Kama ni ukurasa mmoja, Ctrl na alama ya kujumlisha inaukuza peke yake, na Ctrl na sifuri inaurudisha ulivyokuwa. Na kama maandishi ni madogo kila mahali, kila siku, kikuzaji si dawa yake. Nenda Windows na U, fungua "Text size", sukuma mpaka pale macho yanapotulia (unaanzia asilimia 100, mwisho 225), kisha bonyeza "Apply". Ukisahau kitufe hicho cha mwisho hakuna kinachobadilika.

Kwa anayetumia kipanya peke yake

Katika Windows 11, bofya kundi la ikoni za mtandao na sauti kwenye kona ya chini kulia. Paneli inayojitokeza ina kitufe cha "Accessibility"; ukikibofya unapata swichi za kikuzaji, kisoma skrini, vichujio vya rangi na nyingine bila kufungua mipangilio. Kama kitufe hakionekani, sogeza paneli chini. Katika matoleo ya mwanzo ya Windows 11 bofya alama ya penseli, kisha "Add", ukiongeze. Paneli hiyohiyo inafunguka pia kwa Windows na A.

Au weka njia ya mkato kwenye eneokazi, jambo tunalolipendelea kwa kompyuta ya mtu mzee au ya maktaba:

1. Bofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi, chagua "New", kisha "Shortcut".
2. Kwenye kisanduku andika: explorer.exe ms-settings:easeofaccess
3. Bonyeza "Next", ipe jina linaloeleweka, kwa mfano Msaada wa Kuona, kisha "Finish".
4. Bofya kulia ikoni mpya, chagua "Properties", weka kishale kwenye "Shortcut key", gusa herufi moja. Windows yenyewe itatanguliza Ctrl na Alt. Bonyeza "OK".

Chagua herufi ambayo programu zako haziitumii pamoja na Ctrl na Alt; D, F, I na L tayari ni za kikuzaji. Usiihamishe ikoni ukaiweka ndani ya folda nyingine, kwa sababu vitufe vya njia ya mkato husikika tu ikoni ikiwa kwenye eneokazi au kwenye menyu ya Start. Ukitaka iende moja kwa moja kwenye ukurasa fulani, badala ya easeofaccess mwishoni mwa anwani andika: easeofaccess-keyboard kwa kibodi, easeofaccess-magnifier kwa kikuzaji, easeofaccess-narrator kwa kisoma skrini. Andika bila nafasi baada ya nukta pacha. Nafasi moja tu inatosha kuifanya njia ifungue kitu kingine.

Mac

Kwenye Mac vitufe vikuu ni Option, Command na F5. Inatokea paneli ndogo yenye orodha ya zana za ufikivu, kila moja na kisanduku cha kuweka tiki. Kwa kibodi yenye kitufe cha Touch ID, kile kinachosoma alama ya kidole, kuna njia fupi zaidi: kibonyeze mara tatu haraka. Ni kubonyeza hadi kishuke, wala si kuweka kidole juu yake tu. Ukibonyeza mara moja ukasita, Mac itajifunga na kukuomba nenosiri, kwa hiyo mara tatu ziwe za mfululizo kama kugonga mlango.

Kisoma skrini cha Mac, VoiceOver, kinawashwa na kuzimwa kwa Command na F5. Hapa ndipo laptopu zinapowasumbua watu: katika kibodi nyingi za Mac, F5 imepewa kwanza kazi nyingine, na ukiibonyeza bila kitufe cha Fn inafanya hiyo kazi nyingine. Ongeza Fn: Fn, Command na F5. Mwenye kuhitaji vitufe hivi kila siku aingie kwenye mipangilio ya kibodi awashe chaguo la kutumia F1, F2 na wenzake kama vitufe vya kawaida. Mwangaza na sauti ndivyo vitakavyohitaji Fn kuanzia hapo.

Ukuzaji wa Mac haufanyi kazi kwa vitufe mpaka uuruhusu. Bonyeza Command na kitufe cha nafasi, andika accessibility, Enter, fungua "Zoom", washa "Use keyboard shortcuts to zoom". Baada ya hapo Option, Command na 8 inawasha na kuzima, Option, Command na alama ya kulinganisha inakuza, na ile ya kutoa inapunguza.

Kuna jambo jingine linalowakwamisha wasiotumia kipanya. Ndani ya Mac, Tab huruka baina ya visanduku vya kuandikia na orodha tu, inavipita vitufe na swichi kana kwamba havipo. Control na F7 inalibadilisha hilo, au washa "Keyboard navigation" kwenye mipangilio ya kibodi. Bila hatua hiyo utafika kwenye ukurasa wa ufikivu halafu ushindwe kugusa chochote kilichomo.

Katika macOS Ventura hadi Sequoia unaweza pia kuweka ikoni ya ufikivu juu ya skrini daima: "System Settings", "Control Center", tafuta "Accessibility Shortcuts", ruhusu ionekane kwenye upau wa menyu.

Aliyechomeka kibodi ya Windows kwenye Mac asihangaike: kitufe cha Windows kinasimama badala ya Command, Alt badala ya Option.

Linux na Chromebook

Kwa Ubuntu na nyingine zinazotumia eneokazi la GNOME, kitufe cha Windows huitwa Super. Super, Alt na S inawasha kisoma skrini Orca. Super, Alt na 8 inawasha ukuzaji, kisha Super na Alt pamoja na alama ya kulinganisha au ya kutoa kwa kuongeza na kupunguza. Fungua "Settings", "Accessibility", uwashe "Always Show Accessibility Menu" na ikoni ya mtu itakaa juu ya skrini moja kwa moja. Tunaona hili lingewashwa tangu siku ya kwanza ya kusakinisha. Mpenda terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, aandike gnome-control-center universal-access. Amri hiyo unaweza kuipa vitufe vyako kwenye sehemu ya "Custom Shortcuts". Anayetumia KDE, eneokazi jingine la Linux, anakuza kwa Super na alama ya kulinganisha, anapunguza kwa Super na ya kutoa.

Chromebook: Ctrl, Alt na Z kwa kisoma skrini, Alt, Shift na S kwa paneli ya haraka.

Skrini ya kuingia

Hapa ndipo maandalizi mengi yanapoanguka. Umempangia mtu kila kitu vizuri ndani ya akaunti yake, kompyuta inazimwa, asubuhi inawaka kwenye skrini ya nenosiri ikiwa kimya na ina herufi ndogo kama zamani. Mipangilio ya akaunti haianzi kazi mpaka mwenye akaunti aingie.

Kwenye Windows, Windows na U inafanya kazi hata hapo, baada ya kugusa kitufe chochote kuondoa picha ya mwanzo. Kwa kipanya, ikoni ya ufikivu iko kona ya chini kulia, karibu na ya kuzimia kompyuta. Kisoma skrini nacho kinawaka hapo kwa vitufe vyake vya kawaida. Ili kiwake chenyewe kila mara, fungua ukurasa wa Narrator na uwashe kuanza kabla ya kuingia, ambayo ni swichi tofauti na ile ya kuanza baada ya kuingia. Watu wengi huwasha ya pili wakidhani wamemaliza.

Ikoni hiyo ya kona inaokoa pia siku kibodi inapokufa kabisa: bofya, chagua kibodi ya skrini, andika nenosiri kwa kipanya. Kwa Mac, tembelea "Lock Screen" ndani ya "System Settings", bofya "Accessibility Options" na uchague zana zitakazopatikana kwenye dirisha la kuingia. GNOME inaweka ikoni yake juu ya skrini ya kuingia bila kuombwa.

Ukishapanga, jaribu. Toka kwenye akaunti, funga macho, uingie tena kwa vitufe na masikio tu. Kama wewe uliyepanga umeshindwa, mwenye kompyuta naye atashindwa.

Vitufe visipoitikia

Angalia kwanza kama kitufe cha Windows kinafanya kazi peke yake: kiguse, menyu ya Start ifunguke. Kama haifunguki, kibodi nyingi za michezo zina kufuli la kitufe hicho ili kisimtoe mchezaji katikati ya mchezo. Tafuta taa ndogo ya kufuli, au jaribu Fn na kitufe cha Windows. Laptopu nyembamba zimeficha Print Screen na Num Lock nyuma ya Fn, na kibodi fupi hazina Num Lock kabisa. Kwenye hizo, tumia Windows na U badala ya kupapasa.

Ukiwa unaendesha kompyuta nyingine kwa mbali, vitufe vya Windows mara nyingi vinaishia kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Kwa Remote Desktop, chaguo la awali ni kuvipeleka mbali pale tu dirisha linapojaza skrini. Panua dirisha kisha ujaribu tena.

Yanapowaka bila kuitwa

Kibodi nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwamba zimeharibika ni nzima. Mtu amepumzisha kidole juu ya Shift ya kulia huku akisoma, sekunde 8 zimepita, Windows imeuliza kama iwashe Filter Keys, naye amebonyeza Enter kuondoa kisanduku asichokisoma. Kuanzia hapo herufi haitokei mpaka ishikiliwe kwa muda, na anayeandika kwa kasi haoni hata moja. Tiba ni ileile iliyoleta ugonjwa: shikilia Shift ya kulia sekunde 8.

Sticky Keys ina dalili tofauti. Hii huwaka kwa kugusa Shift mara tano, na kazi yake ni kukuwezesha kugusa Ctrl, kuiachia, kisha kugusa C, badala ya kuzishika pamoja. Ukigusa Ctrl mara mbili mfululizo inabaki imefungwa, na hapo kila herufi inageuka amri: unaandika S hati inahifadhiwa, unaandika P dirisha la kuchapisha linafunguka. Gusa Ctrl mara ya tatu ifunguke. Kuizima kabisa, gusa Shift mara tano tena, au bonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja, kama Shift na herufi yoyote. Njia hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya wanaoihitaji kweli walalamike kwamba inajizima: mtoto au paka akikanyaga vitufe viwili, imekwisha. Ukitaka ibaki, fungua mipangilio yake na uzime chaguo la kujizima vitufe viwili vinapobonyezwa pamoja.

Namba za upande wa kulia zikikataa kuandika na badala yake kishale kinatembea, ni Mouse Keys, yaani ule uendeshaji wa kishale kwa kibodi; unazimwa kwa vitufe vyake vilevile. Skrini ikiwa kubwa kupita kiasi, Windows na Esc.

Kwa mchezaji ambaye Shift yake inafungua kisanduku kila mara, nenda Windows na U, "Keyboard", "Sticky keys", zima "Keyboard shortcut for Sticky keys" peke yake. Usizime za zana nyingine kwa hasira, hasa kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, maana atakayekaa baada yako huenda ndiye anayezihitaji.